Saa ya Kinyozi

"Sista anakuja Alhamisi, saa tisa alasiri," mfuaji alisema kabla hata hajavua viatu, na nyumba nzima ikasimama, isipokuwa bibi, ambaye miguu yake ilikataa kusimama tangu miezi minane iliyopita.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha mbao kando ya dirisha, kiti pekee chenye mgongo katika vyumba vile viwili. Mwanawe, fundi wa lipu, ndiye aliyekuwa mume wa mfuaji, na muda huo alikuwa akikwangua saruji iliyokauka kwenye kucha. Binti yao wa miaka kumi na minne walimwita Kalamu, maana hakosi kalamu nyweleni. Alikuwa akinakili, kutoka daftari la mwenzake, masomo ya siku ambayo hakwenda shule.

"Alhamisi hii?" fundi aliuliza.

"Hii hii. Nafasi imebaki moja, na walioomba ni sisi na Mama Kwaheri wa chini yetu, kwa ajili ya baba mkwe wake."

Nafasi yenyewe ilikuwa katika ukumbi wa wazee, nyuma ya Nyumba ya Masista. Masista hao walikuwa wakiwahudumia watu waliohamia mji ule: wanawafundisha lugha ya hapo, wanawajazia fomu, wanawatibu watoto vikohozi. Wazee walichukuliwa na gari asubuhi, wakanyooshwa viungo, wakala, wakapiga soga, wakarudishwa jioni. Mfuaji alikuwa akifua mashuka ya hoteli tangu alfajiri, na mumewe akishinda juu ya majukwaa ya ujenzi. Siku moja walimwacha bibi peke yake, akaanguka kati ya kitanda na mlango, akalala pale sakafuni mpaka jua lilipozama. Toka siku hiyo Kalamu hukaa naye Jumanne na Alhamisi, na siku nyingine wanabahatisha kwa majirani.

Wiki iliyopita shule ilileta barua. Kalamu akikosa siku tatu zaidi, jina lake litafutwa. Barua hiyo mfuaji aliificha chini ya godoro, na bibi hakuambiwa.

"Mimi sina tumaini," fundi alisema. "Jengo hili lina nuksi. Miaka miwili, nani amepata kitu kwa masista? Mama Kwaheri aliomba kitanda cha mtoto, hola. Kinyozi aliomba miwani, hola. Dereva wa lori aliomba blanketi tu, jamani, blanketi! Tazama wenzetu wa upande wa pili wa barabara. Wao wanapata mpaka masufuria."

"Labda hawakumpokea vizuri," bibi alisema. "Mgeni ukimpokea vibaya unategemea akuombee dua?"

Mfuaji akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa neno la mtu mzima, tena lilionekana la kweli.

*

Jengo lile lilikuwa na utaratibu wake, haukuandikwa popote wala hakuna aliyeuanzisha. Mgeni wa mmoja alikuwa mgeni wa ngazi nzima. Ukipata mgeni wa maana, vitu vinapanda. Zulia jekundu lilitoka kwa Mama Kwaheri, ghorofa ya pili. Viti viwili vya mahameli ya kijani vilitoka kwa dereva wa lori, ghorofa ya tatu. Vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu vilikuwa vya mkunga mstaafu, aliyevikabidhi kimoja kimoja huku akivihesabu kama anahesabu vichanga.

Na saa ilitoka kwa kinyozi, chini kabisa. Ilikuwa saa ya ukutani, pana kama sinia, yenye picha ya tausi na wimbo mfupi kila saa inapotimia. Kioo chake kilipata ufa, na kinyozi aliuziba ufa kwa plasta ya kidonda, akasema mgonjwa yeyote hupona akifungwa vizuri. Saa ikipanda kwa watu, wateja wake walijua wakati kwa njaa yake. Akianza kunyoa kwa hasira, ujue ni mchana.

"Zulia hilo msilikanyage na viatu," Mama Kwaheri alisema, akilikunjua mwenyewe. Alipewa jina hilo kwa sababu kila akiaga huchukua nusu saa mlangoni.

"Na Sista?" mfuaji aliuliza.

"Naye avue. Kwani viatu vyake havikanyagi matope?"

"Dada, lakini na wewe si anakuja kwako Ijumaa? Tunagombea nafasi moja, halafu unaniletea zulia lako."

"Tunagombea nafasi, hatugombei zulia. Ijumaa asubuhi vyote vitashuka kwangu: zulia, viti, saa. Vikombe muwe mmevisuuza." Akafika mlangoni. "Haya, kwaheri." Akarudi kunyoosha pindo. "Kwaheri basi. Hivi, mmesikia habari za yule mpangaji mpya?"

Fundi aligonga msumari ukutani, saa ikapanda. Walimbeba bibi kutoka kwenye kiti cha mbao wakamtuliza kwenye mahameli, wakamfunga kitambaa kipya kichwani. Kiti cha mbao kikafichwa jikoni pamoja na benchi lenye mguu uliofungwa kamba. Bibi alipapasa mkono wa kiti, akatazama tausi, akatazama zulia.

"Sasa hapa," alisema, "hata akija mfalme, akae."

*

Sista Miwani alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mrefu, na lugha ya wahamiaji aliijua vizuri. Ila alijifunza kwa wazee wa ukumbini, kwa hiyo alizungumza kama bibi wa miaka themanini. Watu wazima wenzake aliwaita wajukuu.

"Hodi, hodi, wenye nyumba! Mmeshindaje na baridi hii ya kuvunja mifupa?"

"Salama, Sista. Karibu, karibu ndani."

Alivua viatu bila kuambiwa. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kikachungulia nje. Kalamu alikiona, akakimbilia jikoni kucheka. Sista alikaa, akapokea chai kwenye kikombe cha ukingo wa dhahabu. Macho yake yalikwenda ukutani moja kwa moja, yakabaki huko.

"Saa nzuri," alisema.

"Ahsante, Sista," fundi alijibu.

"Mnayo siku nyingi?"

"Aa, siku nyingi kiasi."

Sista aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Kisha akamgeukia bibi. "Haya, mwenzangu, miguu inasemaje?"

"Miguu haisemi, mwanangu. Ingekuwa inasema, jengo zima lisingelala."

Walicheka. Sista akauliza tena, kwa upole, kama anatembea. Bibi alitaka kusema ukweli, na ukweli ulikuwa umeshafika kooni. Lakini kumweleza mgeni shida kabla hajamaliza chai ni kumpokonya kikombe mkononi. Tena yeye alikuwa amekaa kwenye mahameli, amejitanda vizuri. Akasema, "Natembea kadiri Mungu anavyonijalia."

"Na mchana nani anakuwa naye?" Sista aliwauliza mume na mke.

"Hakosi mtu, Sista," mfuaji alisema. Mikono yake iliyobabuka kwa sabuni aliificha chini ya kanga.

"Kwa hiyo mnahitaji nini hasa?"

Mume na mke walitazamana. Walikuwa wamelisubiri swali hilo wiki tatu. Fundi alikohoa, akasema, "Sisi tunashukuru tu, Sista. Kidogo kikipatikana, hatukatai."

Saa ya kinyozi ikatimiza saa kumi, ikaimba. Sista aliitazama mpaka ilipomaliza, akaandika mistari miwili kwenye daftari, akaaga. Alipotoka walipeana mikono kwa furaha. Mapokezi kama yale hayajawahi kuonekana kwenye ngazi ile.

*

Majina ya wanaopelekwa kwa kamati yalibandikwa Jumamosi kwenye Nyumba ya Masista. Mfuaji alipitia hapo akitoka kazini, vidole vimevimba na kufanya mikunjo. Alisoma karatasi toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu. Jina la bibi halikuwemo. Na chini kabisa paliandikwa kwamba nafasi ya ukumbini itatangazwa upya.

Alipanga foleni. Dirishani alikuwepo karani, kijana wa mji ule ule, ambaye kila akizungumza na mhamiaji hupaza sauti na kuvuta maneno, kana kwamba ugeni ni uziwi.

"MAMA. HAMKUFAA."

"Nasikia, baba, usipige kelele. Kwa nini hatukufaa?"

Karani alifungua jalada, akamsomea. Nyumba safi na imepambwa. Zulia jekundu. Viti vya mahameli. Saa kubwa ya ukutani yenye muziki. Mgonjwa anatembea. Familia haionyeshi uhitaji.

"Hata mimi sina saa inayoimba," karani aliongeza, na mtu mmoja kwenye foleni akacheka.

Mfuaji alisogea pembeni, masikio yanawaka moto. Aliyekuwa nyuma yake ni Mama Kwaheri, amekuja kwa ajili ya baba mkwe wake. Karani alifungua jalada la pili, akasoma kwa sauti ile ile ya kuita ng'ombe. Zulia jekundu. Viti vya mahameli. Saa kubwa ya ukutani yenye muziki.

Mfuaji alirudi dirishani. "Soma tena hapo."

"MAMA, ZAMU YAKO IMEPITA."

"Soma tena, nakuomba. Viti rangi gani?"

"Kijani."

"Na saa ina picha?"

"Ya ndege. Tausi."

Mfuaji alisimama akiutazama ukuta. Kilimjia akilini kitanda cha mtoto wa Mama Kwaheri. Siku ile nani aliazima nini? Kiti cha kijani kilishuka, saa ikapanda. Miwani ya kinyozi? Zulia lilishuka kwake, na saa ilikuwa pale pale. Blanketi la dereva? Yeye mwenyewe mfuaji ndiye aliyempelekea mapazia, akajivunia siku nzima.

"Dada," alisema taratibu, "jengo letu halina nuksi. Lina saa."

Mama Kwaheri alielewa kabla sentensi haijaisha. Akamshika mkono. "Nyamaza. Ukisema hapa, tutaonekana waongo, ngazi nzima. Kesho hata sindano ya mtoto watatunyima. Twende nyumbani, tukae, tufikiri."

"Kalamu amebakiza siku moja. Nifikiri mpaka lini?"

"Basi useme yako. Zulia langu usilitaje."

"Zulia lako limeshatajwa, dada. Liko kwenye majalada mawili."

Sista Miwani alitoka ofisini kusikiliza ubishi ni wa nini. Foleni nzima ikageuza shingo. Watu kumi na watano, wengine wa jengo lake, wengine wa upande wa pili wa barabara, wale wa masufuria. Mfuaji alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ilikuwa ya vigae, haikupasuka.

"Sista," alisema, "saa ile si yetu. Ni ya kinyozi."

Sista akasogea karibu.

"Zulia je?"

Mfuaji alimtazama Mama Kwaheri. Mama Kwaheri aliangalia dari, kisha akapumua kama mtu anayetua ndoo. "Zulia ni langu. Viti si vyangu wala vyake."

Sista alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Wajukuu zangu, ile saa nimeiona nyumba tano. Miaka miwili nikilala nawaza. Nilidhani mlinunua duka moja."

"Na ile plasta kwenye kioo?" Mama Kwaheri aliuliza.

"Nilidhani zote zilipasuka njiani."

Mtu mmoja alicheka, wa pili akamfuata, na mwisho hata karani alicheka bila kujua kinachochekwa. Mfuaji hakucheka. "Sista, mbona hukuuliza?"

"Ningeulizaje? Wazee wenu ndio walionifunza. Mgeni haulizi vyombo vya mwenyeji."

"Na mwenyeji hasemi," mfuaji alimalizia.

Walitazamana, kila mmoja na adabu yake mkononi, hajui aiweke wapi.

"Kamati inakaa Jumatatu," Sista alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya bibi tena. "Maneno yako peke yake hayatoshi, lazima niandike nilichokiona kwa macho. Nitakuja kesho baada ya misa. Kwako, halafu kwa mwenzako. Sitaki kuona hata kijiko kilichopanda ngazi."

*

Bibi alipoambiwa, aligeuza uso dirishani.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimevua saa ukutani, mama. Wewe sijakuvua."

"Nimezaa watoto sita. Sijapata kumpokea mgeni kwenye ukuta mtupu. Aje akute nini? Benchi la kamba? Atasema mwanangu hana akili ya kutunza mama yake." Akamgeukia fundi. "Na wewe umekaa kimya kama lipu yako."

Fundi alikuwa ametoa benchi jikoni. Alikuwa akilifunga mguu upya kwa kamba, na kila fundo alilifunga mara mbili, ili mikono ipate kazi. Mfuaji aliinua godoro, akatoa barua, akaiweka kwenye magoti ya mkwewe. Bibi hakuwa na kisomo. Aliigeuza ile karatasi huku na huku.

"Hii nini?"

"Msomee," mfuaji akamwambia binti yake.

Kalamu alisoma. Alisoma jina lake mwenyewe, hesabu ya siku alizokosa, hesabu ya siku zilizobaki. Sauti haikutetemeka mpaka alipofika kwenye neno "kufutwa."

"Lakini uliniambia Jumanne na Alhamisi hamsomi," bibi alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi nikaamini. Shule gani isiyosoma Jumanne na Alhamisi?" Alikunja karatasi polepole, mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo ya kuenea kiganjani. "Kumbe raba iliyokuwa inamfuta huyu mtoto ni mimi." Akaifumbata. Kisha akasema, "Fundi, ng'oa na ule msumari. Usije ukadanganya."

*

Jumapili Sista alibisha hodi, akavua viatu, akaingia. Sakafu ilikuwa tupu. Ukutani palibaki tundu la msumari na duara jeupe pale lipu ilipopanguswa vumbi. Benchi la kamba lilikuwa limeelemewa na ndoo za kufulia, maana mfuaji alikuwa amesahau kulitayarisha. Chai ilikuja kwenye kikombe cha bati.

Sista alisimama katikati ya chumba, hana pa kukaa. Na bibi, juu ya kiti cha mbao, aliona mgeni amesimama.

Alikuwa amejiapiza kutulia. Usiku kucha alijiambia leo ataonyesha ulemavu wake bila haya, kwa ajili ya mtoto. Lakini mgeni kusimama, mwenyeji amekaa! Mwili wake uliolelewa zamani haukungoja ruhusa. "Karibu, mwanangu, karibu kiti," alisema, akashika mikono ya kiti kujiinua ampishe.

Aliinuka kiasi cha kiganja kimoja, akarudi. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imetoka. Mara ya tatu kiti kilisogea nyuma, naye akateleza mbele. Fundi alidaka bega, Sista akadaka bega la pili, na wote watatu wakashuka chini pamoja, polepole, mpaka sakafuni. Mfuaji alibaki na birika mkononi. Hakuna aliyeumia.

Sista hakumwinua. Aliketi hapo hapo chini kando yake, akanyoosha miguu sambamba na miguu ile iliyokonda kama fito. Soksi ilikuwa ile ile, na kidole kile kile nje.

"Haya, mwenzangu," alisema. "Miguu inasemaje?"

Bibi alihema, akairekebisha kanga yake. "Leo imesema," alijibu.

*

Kamati ilimkubali bibi Jumatatu. Mzee wa Mama Kwaheri, ambaye bado aliweza kujikokota kwa fimbo, alipangiwa kunyooshwa viungo mara mbili kwa wiki mpaka nafasi nyingine itokee. Dereva wa lori aliambiwa aombe blanketi upya, na alipeleka maombi bila kumwambia mtu.

Jumanne asubuhi gari la masista lilisimama mbele ya jengo. Ngazi zilikuwa za ghorofa nne, na bibi hakuwa mwepesi. Basi wakamkalisha kwenye kiti cha mahameli ya kijani, dereva wa lori akashika mbele, kinyozi akashika nyuma, na jengo zima likafungua milango kutazama.

"Taratibu, jamani, mnanibeba kama maiti," bibi alisema.

"Maiti haisemi hivyo," kinyozi alijibu, anatweta. "Tungepumzika."

Kalamu alitangulia mbio, mkoba mgongoni, kalamu nyweleni, akapunga mkono bila kugeuka, maana kengele ya shule ilikuwa karibu. Mama Kwaheri aliinama kwenye dirisha la gari. "Haya bibi, kwaheri. Uwasalimie huko. Kwaheri basi. Na ukiona mzee yeyote ana dalili za kuhama..." Dereva wa gari alipiga honi mara tatu ndipo Mama Kwaheri alipotoka dirishani.

Ukumbi wa wazee ulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na mkate wa moto. Bibi alisukumwa ndani kwa kiti cha magurudumu, akashangaa kukuta vurugu. Masista wawili walikuwa juu ya meza wakitundika mapazia mazito ya zambarau. Karani alikuwa akikunjua zulia sakafuni, na sista mwingine akitoa vikombe vya kaure kwenye sanduku, akivihesabu kimoja kimoja.

"Kuna arusi?" bibi aliuliza.

Sista Miwani alishuka kutoka kwenye meza, bila viatu, mashavu yamemwiva. "Wafadhili wanakuja kesho. Wanataka kuona kama huduma iendelee au ipunguzwe."

"Na haya mapazia?"

"Ya kanisani."

"Zulia?"

"La padri."

"Vikombe usiniambie."

Sista alikitazama kikombe mkononi mwa mwenzake. Alitazama mapazia, akatazama zulia, akamtazama bibi. Wazee waliokaa kando ya ukuta waliacha kunyoosha viungo, wakangoja.

Bibi alimvuta mkono mpaka sikio lake likafika karibu.

"Mwanangu," alimnong'oneza, "rudisha vitu vya watu. Na kesho wakibisha hodi, wafungulie wewe mwenyewe, na soksi hiyo hiyo."